Chai ya Gitaa

Mzee Obura alikufa Jumanne asubuhi, na habari zilinikuta nimeshika randa. Nitasema ukweli hapa mwanzoni ili asiyetaka kuendelea aache: sikulia. Niliumaliza ubao niliokuwa nao, nikaupangusa vumbi, nikauweka juu ya ile mingine, ndipo nikaketi. Aliyenipigia simu ni mke wake, Mama Risper, ambaye alinilisha miaka mingi na hajawahi kunipenda hata siku moja. "Jerono, mwalimu wako amepumzika," aliniambia. "Mwambie Silas." Nikamuuliza Silas nitampata wapi, mtu ambaye sijamwona karibu miaka thelathini. "Utampata," akasema. "Si wewe ndiye ulimpoteza?" Hakupandisha sauti. Hapo hapo akaendelea kuniuliza habari za tenti na viti, na kama naweza kusimamia sufuria za upishi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Habari za kwetu sitazigusa. Inatosha kujua kwamba nilitoka Chepsaita na sikutaka kurudi Chepsaita. Karakana ya Mzee Obura ilikuwa mtaa wa Pioneer, Eldoret, chumba kimoja cha mabati kilichopakana na jiko la Mama Risper. Ukuta kati yetu na yeye ulikuwa bati moja tu, kwa hiyo tulisikia kila kitunguu alichokata, naye alisikia kila tusi tulilotukanwa. Upande wa pili kulikuwa na kinu cha posho. Kikiwashwa, chumba chote kilitetemeka, na magitaa yaliyoning'inia ukutani yakaanza kunguruma yenyewe bila kuguswa na mtu. Mzee aliipenda sana saa hiyo. Alisimama katikati ya chumba amefumba macho, akisikiliza, kisha ananyoosha kidole: "Ile ya tatu. Mbavu imeachia." Ukienda kuangalia unakuta kweli gundi imeachia pale pale aliposema. Alikuwa fundi yule mtu. Hata leo, na uchungu wangu wote, sijaona mwingine wa kumfikia.

Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Silas, na kazi yetu ilikuwa ukulele. Magitaa makubwa, ya watu wa bendi na ya kwaya, Mzee aliyatengeneza mwenyewe. Ukulele ilianza na mmishonari mmoja aliyeleta yake ikarabatiwe na asirudi kuichukua. Mzee aliifungua yote, akaichora kwenye katoni, akachonga kalibu mbili za kukunjia mbavu, na tangu hapo akawa na kagitaa ka nyuzi nne ambako mtoto wa shule angeweza kukashika. Mbavu tulizikunja kwenye bomba la chuma lililojazwa makaa, tukiurowesha ubao na kuubembeleza mpaka ukubali kupinda, kisha tukazifunga kwenye kalibu kwa mipira ya tyubu za baiskeli. Nyuzi zilikuwa nailoni ya kuvulia samaki, ambayo Mzee aliagiza kutoka kwao ziwani. Silas naye alikuwa wa huko ziwani, kijana mrefu, mpole mpaka anaudhi. Siku moja nilileta mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka nyumbani, na ni yeye peke yake aliyekunywa. Alikunja uso, machozi yakamtoka, akasema ni tamu, nimletee kikombe cha pili. Kazi yangu ukiitazama ilikuwa safi kuliko yake, na nilimaliza mbili kabla yeye hajamaliza moja. Lakini ukipiga nyuzi, haki ya Mungu, hakuna kulinganisha. Yangu ilitoa sauti tu, yake iliimba. Nilijua hivyo kabla mtu yeyote hajasema, na nilimchukia.

Pale kwa Mzee kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine, na naomba nisiione. Chombo kikiharibika, aliyekitengeneza alikivunja mwenyewe kwenye goti lake, watu wote wakitazama. Vipande vilipitishwa kwenye kidirisha kilichokatwa kwenye bati, Mama Risper akavitia jikoni, na chai ya saa nne ikapikwa kwa moto huo. Kisha yule yule aliyevunja anamimina, anazunguka na kikombe kwa kila mtu, wa kinu cha posho akiwemo, na yeye anakunywa mwisho. Tuliiita chai ya gitaa. Yangu ya kwanza ilikuwa na shingo iliyopinda kidogo tu, upana wa ukucha. Mzee alitandaza uzi juu yake, akawaita majirani waje waone. "Njooni muone, Jerono ametengeneza jembe!" Walicheka, nami nikavunja. Nilipompa kikombe chake alionja, akapiga midomo. "Eh, hii imeiva. Wewe badala ya kushona watu nguo ungekuwa unauza kuni." Sijawahi kushona nguo maishani mwangu, lakini kwake msichana aliyeshindwa alikuwa fundi cherehani. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Silas akanifuata na kusema, "Pole, Jero, hata mimi nimemimina mara nne." Nikamwambia atoke mbele yangu. Kilichoniuma si kuvunja. Kilichoniuma ni kwamba yeye alimimina mara nne na bado alikuwa anacheka na watu.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, mkono wa kulia wa Mzee ulianza kutetemeka. Siku moja patasi ilimponyoka ikatoboa uso wa gitaa lililokuwa limeshapigwa vanishi. Aliliangalia sana. Kisha akalivunja kwenye goti lake mwenyewe, akatumiminia chai. Tulipomaliza kunywa akasema, "Mkono umeanza kunikataa. Kiangazi kikifika, mwezi wa kwanza, nitampa mmoja wenu kalibu. Huyo ndiye atabaki hapa. Yule mwingine aende atafute maisha. Chumba ni kimoja." Silas alitazama miguu yake. Mimi nilitazama kalibu. Nilizitaka kwa namna ambayo sijawahi kumtaka mwanamume, na niliyeolewa naye anajua, nimeshamwambia. Bila zile kalibu ningekuwa msichana aliyepoteza miaka miwili kusugua mbao, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi sana.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kusikiliza kwenye bati. Chakula cha mchana tulikula wote, ugali na omena, wakati mwingine kichwa cha sangara kilichochemshwa na nyanya, na Mama Risper akimpakulia Silas niliangalia mwiko unaingia mara ngapi. Wakishamaliza, Mzee na mkewe walibaki jikoni wakiongea Kijaluo, nami nilijifanya napiga msasa karibu na ukuta. Sikuelewa neno, ila siku moja nilisikia jina la Silas mara tatu, na langu halikutajwa hata mara moja. Nilishindwa kujizuia. Jioni nikimsaidia kuosha vyombo nikamuuliza, "Mama, mchana mlikuwa mnamsema Silas?" Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Tulikuwa tunasema viatu vyake vimeisha. Mzee anataka kumpa vyake vya zamani." Sikuamini. Nililala nikijua kwamba wameshaamua, na kwamba mimi nimekuwa nikichezewa. Leo naamini walikuwa wanasema habari za viatu. Wiki iliyofuata Silas alikuja kazini amevaa viatu vya Mzee, na hata hivyo nilijiambia ni ushahidi.

Mwezi wa saba ikaja oda ya ukulele ishirini, za shule moja ya watoto upande wa Turbo. "Kumi zako, kumi zake," Mzee alisema. "Hizi ndizo zitaamua." Mbao za uso, sipresi, tuliziweka juu kwenye kenchi za paa, pale moshi wa jikoni ulipopita, zikakaa miaka miwili. Kila ubao uliandikwa kwa chaki mwezi na mwaka uliopandishwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi, kwa hiyo kupanda ilikuwa kazi yangu. Siku ile nilipanda nikakuta zilizokauka zinatosha kumi na mbili, kumi na tatu. Nyuma yake kulikuwa na zilizopandishwa mwezi wa tatu, miezi minne tu, bado zina maji yake. Ningeita tu. "Mzee, hazitoshi." Maneno mawili, na oda ingesogezwa, mambo yakaisha. Badala yake nilifuta chaki kwa mkono wa sweta yangu, nikaandika mwaka wa juzi. Sikufikiri sana. Watu hupenda kusema shetani aliwaingia. Mimi hakuna aliyeniingia, nilikuwa mwenyewe kabisa, na mkono haukutetemeka. Zilizokauka nikaziweka kando, zangu. Zile zingine nikamteremshia Silas moja moja. "Shika, ndugu yangu," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kumwita ndugu.

Mzee alitufundisha kuweka ubao shavuni. Mbichi ni baridi. Mkavu hauna habari na wewe. Lakini Eldoret mwezi wa saba kila kitu ni baridi, hata kijiko, hata kitanda ulichoamka sasa hivi. Silas aliuweka shavuni akasita. "Jero, hii ni baridi." Nikacheka. "Ni nini haiko baridi leo? Hebu shika pua yako." Akashika pua, naye akacheka, akasema kweli. Mzee akainuka kwenye stuli yake. Akaja, akauchukua ule ubao kwa mkono wake mzima, akauweka shavuni, akakaa nao. Kisha akainua macho akanitazama nilipokuwa nimechuchumaa juu ya kenchi kwenye moshi. Akamrudishia Silas. "Endelea," akasema, akarudi kuketi. Nilidhani uzee na baridi vimemdanganya. Nilishukuru Mungu, fikiria, nilishukuru Mungu juu ya kenchi.

Silas alitengeneza kumi zake kwa wiki sita. Zilikuwa nzuri. Mwalimu wa muziki alipokuja kuzichukua alipiga zote ishirini, moja baada ya nyingine, na zile za kwake alizirudia. Mimi nilitabasamu, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na nilikaa nalo miezi minne nikila nalo, nikienda nalo kanisani. Mvua ilipokatika nilifurahi. Mwezi wa kumi na mbili upepo mkavu ulianza, vumbi likaingia mpaka kwenye sukari, midomo ya watu ikapasuka. Kila asubuhi nililamba midomo yangu iliyopasuka nikafikiria zile nyuso kumi za sipresi kule Turbo, zikijikaza, zikijivuta, hazina pa kwenda. Silas alikuwa ananipaka mafuta ya taa kwenye kidole nilichokatwa na randa, na mimi nikiwaza hayo.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu alirudi na gunia. Alilimimina juu ya benchi akasimama tu. Saba zilikuwa zimepasuka uso kutoka kwenye tundu mpaka chini, tatu zilikuwa zimeng'oka kandokando. Moja ufa wake ulikuwa umezibwa kwa chingamu. Mtoto alikuwa amejaribu kuiponya. Zangu zote kumi zilikuwa salama huko shuleni. Sisi kabla ya kufunga uso tuliandika jina kwa penseli ndani, na Mzee akamwambia Silas, "Soma." Silas akachungulia kwenye tundu. "Silas." "Ingine." "Silas." "Ingine." Akamsomesha zote kumi mbele ya mwalimu, mbele ya watu wa posho, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua gitaa la kanisa. Alipofika ya sita sauti ilikuwa imepotea, na Mzee akasema, "Sisikii." Kisha akamwambia avunje.

Kumi kwenye goti moja si mchezo. Ya tano suruali ilichanika. Ya saba nikaona damu. Hakubadilisha goti. Mama Risper alikuwa anapokea vipande kidirishani, na mara ya nane akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Mzee, yatosha." Mzee akajibu, "Bado mbili." Hakuna aliyecheka siku hiyo. Chai ilifoka ikamwagika kwa moto kuwa mwingi. Silas alimimina, akaanza na mimi. "Karibu, Jero." Mkono wake ulikuwa umejaa vijiti. Nilipokea kwa mikono miwili, nikanywa. Ilikuwa tamu, Mama alikuwa ametia tangawizi. Nilimaliza kikombe, nikaomba kingine, akanipa. Siku ya pili Silas hakuonekana, na Mzee akanisukumia kalibu kwenye benchi, kwa mguu. "Chukua. Kaa." Nilikuwa nimeshinda. Nilikwenda nyuma ya choo, pale pale, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Ukulele zangu sasa ziko mashule mengi na ziko makanisani, na watu hunisifu kwamba kwangu hakuna chai ya gitaa, kwamba nina roho nzuri na wanafunzi. Nawaacha waseme. Kwa miaka yote hiyo nimejihesabu mwizi, na naweza kusema nimezoea. Mwizi ana faraja moja, kwamba alichoiba hakupewa na mtu. Alikipata kwa ujanja wake. Nilimdanganya fundi mkubwa kuliko wote. Aibu yangu ilikuwa na kiburi ndani yake, na mtu anaweza kuishi na kitu kama hicho muda mrefu, akazaa watoto, akajenga.

Silas nilimpata kwa dada yake anayeuza samaki sokoni. Alikuwa anachoma matofali huko kwao, karibu na ziwa, tangu mwaka ule. Mazishi yalikuwa kwenye kashamba alikokuwa amekanunua Mzee upande wa Turbo. Jamaa zake walitaka arudishwe kwao, lakini alikuwa ameacha maneno. Silas alikuja na koti la suti lililombana, nywele nyeupe, anachechemea. Alisimama mbele kabisa kaburini. Jeneza liliposhushwa hakutupa udongo, alitazama tu mpaka likafunikwa lote. Baadaye nilimpakulia chakula mwenyewe, nikampelekea nyuma ya tenti. "Silas," nikamwambia, "kuna jambo lazima nikwambie. Zile mbao—"

"Najua, Jero." Alichukua sahani, akakaa kwenye jiwe, akaanza kula. "Siku ile ya kuvunja, jioni, nilifagia. Chini ya benchi nikapata kipande cha mwisho wa ubao mmoja wa zile zangu. Chaki mbili, moja juu ya ingine. Nikampelekea Mzee kesho yake asubuhi kabla hujafika."

Nikamuuliza Mzee alisema nini.

"Alisema alijua tangu mwezi wa saba. Eti alikuwa anangoja kuona kama mimi nitajua." Alitafuna, akameza, hakuwa na haraka. "Nikamwambia, na Jerono je, Mzee? Yeye alijua na akanyamaza. Akaniambia, 'Huyo angalau anajua mbao.' Akatupa kile kipande kwa jiko. Mama alikuwa hapo, muulize."

Sikuhitaji kuuliza. Nilishika kamba ya tenti. Sikuwa nimeiba kitu. Nilikuwa nimepewa, kwa sababu ya kile kibaya nilichokuwa nacho, na aliyenipa alinitazama vizuri kwanza kutoka chini, akakiona, akakichagua. Watoto kumi wa watu, goti la Silas, yote yalikuwa mtihani wa kuona nani ana roho ngumu ya kutosha. Nikasema samahani. Nilisema mara mbili au tatu. Silas aliendelea kula. Nikamuuliza, kama mjinga, basi kama alijua hayo yote, mbona amekuja kumzika?

"Nilitaka kuona akishushwa," alisema. "Na mazishi yako nitakuja, Jero, Mungu akiniweka. Uko na mtoto hapa?"

Nilimwita binti yangu. Sijui kwa nini nilimwita. Ningeweza kusema hayuko. Silas akanawa mikono, akaipokea shikamoo yake kwa kumwekea mkono kichwani, akamwambia kwa upole kabisa aweke namba yake ya simu, ili siku ya mama yake asikose kuambiwa. Akamsomea namba pole pole. Binti yangu akauliza aandike jina gani. "Andika Silas," akasema. "Silas fundi wa ukulele." Binti yangu akaniangalia, kwa maana mafundi wa ukulele anawajua wote na huyu hakuwahi kumsikia. Nikamwambia aandike hivyo hivyo.